Toba Ambayo Sikuitoa Migwani

Mwaka wa 1972, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndipo taabu yangu ilipoanza, na niliyeianzisha ni mimi mwenyewe kwa mkono wangu wa kushoto. Nayasema haya mapema kwa sababu mwezi uliopita, hapa Kibwezi, tulimzika Muthama mpiga tarumbeta, na pasta kijana aliyeongoza ibada alininyooshea kidole mbele ya watu akasema, "Hata mama yetu Mutheu, mpiga piano huyu, aliwahi kupotea, lakini alitubu kule Migwani akarudi kundini." Watu wakasema amina. Mimi sikusema. Nilikuwa nimeketi kwenye kile kinanda chao cha umeme, na ningeweza kusimama pale pale nimwambie, wewe kijana, umedanganywa. Lakini mazishi yalikuwa ya Muthama, si yangu, na Muthama hakupenda kukatizwa. Nikapiga nilichokuja kupiga, nikala wali wao, nikarudi nyumbani. Sasa nimeketi niandike. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo anayetaka maneno ya sukari aende kwingine. Mimi sikutubu. Si mwaka ule, si baadaye. Na kila aliyekuwa ndani ya kanisa siku ile, kama bado yuko hai, anajua.

Habari za baba na mama na ukoo naziruka. Naanza na chumba. Nyumba ya Miss ilikuwa juu ya kilima cha misheni, si mbali na soko la Migwani, na kila mtu alimwita Miss, hata wazee waliomzidi umri. Sebule yake ilinuka mafuta ya taa, kwa sababu piano yake ilisimamishwa ndani ya mikebe ya mafuta ya taa, ili mchwa wasipande. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuongeza mafuta kwenye mikebe, kisha kupangusa vumbi kwenye meno ya piano, yale meupe na yale meusi, polepole, yasilie. Vidole vya Miss vilikuwa vimeanza kupinda kwa ugonjwa wa viungo. Siku moja akaniambia, "Mutheu, wacha kitambaa. Keti." Hakusema kwa upole. Hakuwa mpole, alikuwa na rula. Alinifundisha miaka minne, kila siku baada ya vyombo vya mchana, muziki wa Wazungu waliokufa zamani, na nilijua kusoma noti kabla sijaweza kusoma gazeti. Nilichopenda kwa wale wafu ni kwamba kwao mkono wa kushoto si mtumishi wa ule wa kulia. Unaenda zake, una shughuli yake. Huko mbele mikono inakutana kama watu wawili sokoni, inasalimiana, inaachana. Siku hizi watu huniuliza nilitoa wapi mtindo wangu, nao wanatarajia nitaje Amerika. Nawaambia nilianza na wale wafu. Hawapendi jibu hilo, lakini ndilo.

Januari ya 1972 Miss alirudi kwao, mgonjwa. Piano akaliachia kanisa, nami nikaachiwa kazi ya kuipiga kila Jumapili. Tulipoagana hakulia, nami sikulia. Alinikagua kucha, kama kawaida yake, akasema, "Piano ni ya kanisa. Mikono ni yako." Kisha akapanda gari. Sikuelewa maneno hayo wakati ule. Nilikuja kuyaelewa kabla mwaka haujaisha.

Sokoni kulikuwa na duka la mtu aitwaye Nzau, aliyeuza chumvi, unga, sabuni na misumari. Nzau alikuwa na mpwa baharia, na huyo mpwa alimletea gramafoni ya betri na sahani chache za muziki wa watu weusi wa Amerika, muziki wa jazi. Siku ya kwanza kusikia nilikuwa nimetumwa chumvi. Mtu alikuwa anapiga piano kama anayebishana na mwenye nyumba. Nikasimama. Katikati ya ubishi ule nikasikia noti tatu za pamoja nilizozijua, zile zile Miss alizonifundisha kwa rula, ila huyu mtu alizichelewesha kidogo, kama anayejua kwamba mtamngoja tu. Nzau akaniangalia juu ya miwani yake. "Mutheu, unanunua ama unashikilia huo ukuta usianguke?"

"Rudisha hiyo kutoka mwanzo."

"Na chumvi?"

"Chumvi itangoja."

"Shangazi yako hatangoja," akasema, lakini akarudisha sindano mwanzo. Tangu siku hiyo sijui alipata wapi uvumilivu, maana nilikuwa naenda kununua kiberiti kimoja na kukaa mpaka kivuli kimevuka barabara.

Kulikuwa na kitu cha tatu, na hiki ndicho kilicholeta maneno. Ng'ambo ya bonde, upande ambao watu hawakuwa wameokoka, kina mama walipiga kilumi, ile ngoma ya kuita pepo. Upepo ukiileta upande wetu, sisi watu wa misheni tulifunga madirisha. Nilikua nafunga madirisha. Lakini dirisha la mbao linazuia mwanga tu. Mdundo uliingia, ukakaa mwilini, na mimi sikujua kama umekaa mpaka Jumapili moja baada ya Pasaka, wakati wa sadaka.

Kwetu sadaka haikuwa sarafu peke yake. Watu walileta mbaazi, mayai, vibuyu vya maziwa, na walitembea kwa mstari mpaka mbele huku nikipiga wimbo taratibu. Sikupanga uasi, na mtu asiniwekee sifa hiyo. Mstari ulikuwa mrefu, nikamaliza wimbo, nikaurudia, nikamaliza tena, nikachoka kuurudia. Mkono wa kulia ukaendelea na wimbo wa kitabu. Mkono wa kushoto ukachelewa kidogo, kama yule mtu wa gramafoni, halafu ukaingia na mdundo wa ng'ambo ya bonde. Wimbo wa kitabu juu, na mguu wa kilumi chini yake. Ilikaa. Ilikaa vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Shangazi yangu Kavata, niliyekuwa nikiishi kwake, kiongozi wa kwaya ya kina mama, alikuwa mbele ya mstari amebeba jogoo. Nilimwona bega lake limetikisika. Kisha la pili. Jogoo akapiga kelele. Nyuma yake kina mama wote walikuwa hawatembei tena, walikuwa wanacheza, na nyuso zao zilikuwa za mtu aliyeitwa jina lake la utoto.

Wazee wa kanisa waliniita baada ya ibada, katika kile chumba cha nyuma walikokuwa wakinywa chai na mandazi. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Kimanthi, mtu mrefu wa koti la khaki, muungwana kwa mambo mengine, nitamtendea haki. Sikupewa kiti.

"Ulichopiga leo ni kilumi," akasema.

"Nani amesema ni kilumi, mzee?"

"Mimi nimesema."

"Mimi nimelelewa hapa misheni. Uwanja wa kilumi sijawahi kuukanyaga hata siku moja. Wewe umeijuaje?"

Mzee mmoja alipaliwa na chai. Mwingine akaangalia mandazi yake kama ameona kitu ndani. Mzee Kimanthi akawaambia wenzake, "Msichana huyu ana mdomo."

"Mdomo anao na mikono anayo," akasema aliyepaliwa, akijipangusa. "Kitu hana ni adabu."

Nikatengwa. Lazima nieleze, maana vijana hawajui tena. Kwetu mtu akitengwa hafukuzwi. Anawekwa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wasichana waliopata mimba na wanaume walioongeza mke. Hashiriki meza ya Bwana. Siku akiwa tayari anaitwa mbele, anasimama akiangalia watu, anaungama kosa lake kwa kinywa chake. Mzee anauliza, "Wanaompokea wainue mikono," mikono inainuka, na mambo yameisha. Watu waliungama haraka, hata mambo ambayo hawakuyafanya, ili tu warudi kukaa na wenzao. Mimi niliambiwa kosa langu la kuungama: kwamba nilileta mashetani kwenye piano ya Bwana. Fundi akaitwa, akapigilia kitasa na kufuli kwenye kifuniko cha piano, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa koti la khaki. Kutoka Migwani mpaka Kitui mjini sikujua piano nyingine.

Jikoni kwa shangazi maneno yalikuwa hayo hayo kila siku, juu ya sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe. "Mwana wakwa, sema tu umekosa. Ni dakika moja. Mimi nimeungama ugoro mara mbili, na huu hapa," akipiga pindo la kanga yake.

"Wewe ugoro ulikuwa nao, shangazi. Mimi niseme nimekosa nini?"

"Sema vile wanataka."

"Nikisema ile ni ya shetani, siku nikiketi kupiga tena nitakuwa namwamini nani? Wao ama masikio yangu?"

"Masikio yako!" Akanipokonya mwiko. "Ona, unaunguza."

Mpaka leo nafikiri nilimjibu sawasawa. Watu husema toba ya mdomo haina uzito. Ingekuwa haina uzito wasingeidai. Ningesimama pale niseme maneno yao, ule mkono ungekuwa najisi maisha yangu yote, na kila noti ningekuwa naipiga huku nachungulia mlango.

Ni Nzau aliyeniokoa, kwa njia yake ya dukani. Alisema dada yake, Mama Mbinya, ana hoteli Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa, na ndani kuna piano iliyoachwa na Mzungu wa shamba la mkonge. Nikaenda. Hoteli ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye rangi ya samawati nusu ukuta, meza za mbao, na harufu ya nyama ya mbuzi ya kukaanga na chapati. Mabasi yalisimama saa sita watu wale. Piano ilikuwa pembeni, na juu yake kreti za soda. Mama Mbinya, mwanamke mnene wa sauti kubwa, alinipima kwa macho. "Hiyo kabati inalia ukiigusa. Ukiweza kuinyamazisha ama kuiimbisha, yote sawa. Utakula hapa, utalala na wasichana wa jikoni." Nikashusha kreti. Ndani nikatoa kiota cha nyigu, kikubwa kama ngumi, na joto la Kibwezi lilikuwa limelegeza nyuzi mpaka kila noti ilikuwa imelewa kivyake. Nilizikaza kwa spana ya fundi wa baiskeli, kwa sikio, siku nyingi. Lakini meno mengine yalikuwa yamekufa kabisa. Unabonyeza, unasikia mbao tu.

Muthama alikuwa amepiga tarumbeta katika bendi ya polisi, akaacha kazi kwa ugomvi ambao kila mara aliusimulia tofauti. Alikuja kula, akanisikiliza akitafuna, akasema bila salamu, "Dada, unapiga kama mwanafunzi anayeomba ruhusa kwenda choo."

"Piano imekufa meno."

"Nimesikia. Kila ukifika kwenye jino bovu unasimama unaomba msamaha. Ruka! Acha shimo. Mimi nitapita hapo."

Alitoa tarumbeta kwenye gunia la viazi. Nilianza wimbo wa wale wafu wa Miss, na kila nilipofika kwenye jino bovu niliacha shimo, na yeye akapita hapo, akichelewa makusudi. Wasichana wa jikoni wakatoka na mikono ya unga. Tukakaa hivyo miezi, kila adhuhuri, mabasi yakija na kuondoka. Hapo ndipo nilipotunga wimbo wangu wa kwanza mrefu, nikauita Benchi la Nyuma. Unaanza kizungu kabisa, mikono miwili inafukuzana bila kushikana. Halafu unapungua, mashimo yanaongezeka, tarumbeta inaingia, na mwisho mkono wa kushoto unavuka bonde. Dereva mmoja aliuliza kwa sauti, mdomo umejaa chapati, "Kwani huyu anapiga ya kanisa ama ya baa?"

"Anapiga zote mbili," Mama Mbinya akamjibu. "Wewe kula, basi lako linakungoja."

Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Lakini pia nilikuwa na njaa ya ile piano nzima. Niliiota. Kuna mambo katika wimbo wangu ambayo sikuwahi kuyasikia kwa masikio, niliyasikia kichwani tu, kwa sababu meno yake yalikuwa Migwani chini ya kufuli.

Mwisho wa mwaka Mzee Kimanthi alikuja Kibwezi mwenyewe, pamoja na yule mzee wa kupaliwa. Waliketi wima chini ya tangazo la bia kama watu wanaongoja daktari, wakaagiza chai. Kanisa jipya la mawe lilikuwa limekwisha, wageni walikuwa wanakuja kulifungua, wengine ni wale walioleta piano enzi hizo, na hakukuwa na mtu wa kuipiga.

"Tunataka kukurudisha," Mzee Kimanthi akasema. "Siku hiyo hiyo, mbele ya watu. Ungama kwa ufupi, hata sentensi moja."

"Na piano?"

"Utapiga kila Jumapili mpaka uzeeke."

"Na mkono wa kushoto?"

Akakoroga chai iliyokwisha korogwa. "Utafuata wa kulia."

Nikawaambia nitakuja, na nitasimama mbele. Hawakuuliza nitasema nini, walidhani wanajua. Walipoondoka Muthama akaniuliza, "Piano yao ina meno yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa. "Mtego mzuri huo. Hata mimi ningefikiria."

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wageni walikaa mbele na mkalimani wao. Piano ilikuwa imepakwa vanishi mpya, na kufuli ilining'inia. Nilipoitwa nilitoka benchi la nyuma nikapita katikati, nikapita karibu nayo kiasi cha kuigusa. Sikuigusa. Nikageuka nikawaangalia watu.

"Mmeniita niungame," nikasema. "Nimetafuta kosa langu kutoka Kibwezi mpaka hapa na sijaliona. Nilipiga piano. Nikipewa ufunguo nitapiga vile vile. Kama kuna mtu hapa niliyemwibia, ama kumtukana, ama kumdhulumu, asimame, nimwombe msamaha sasa hivi."

Hakuna aliyesimama. Wageni wakamwangalia mkalimani, mkalimani akaangalia viatu vyake. Mzee Kimanthi alikuwa ameongoza toba miaka mingi, na sifikiri alikuwa amewahi kumsikia mtu amesimama pale asiungame. Jasho lilimtoka. Kimya kikamlemea, na kinywa chake kikasema kile kilichozoea kusema baada ya mtu kunyamaza: "Wanaompokea wainue mikono."

Mikono ikainuka. Kina mama wote. Benchi la nyuma zima, ambao hawakuwa hata na haki ya kupiga kura. Wanaume wachache, nusu mkono. Shangazi Kavata aliinua miwili.

"Shusheni!" Mzee Kimanthi akazinduka. "Shusheni, hajaungama!"

"Umeshauliza, mzee," shangazi akasema. "Nasi tumeshajibu."

Mzee Kimanthi alisimama pale na ufunguo mkononi. Nilimwona akifikiri. Kisha akaurudisha mfukoni mwa koti. "Ibada itaendelea bila piano," akasema, na mimi nikatembea nikatoka nje, kwa sababu benchi la nyuma sikuwa narudi tena.

Nilikuwa nimefika ngazi za mwisho niliposikia shangazi anaanzisha wimbo wa sadaka. Ule wa kitabu, maneno yale yale. Halafu miguu ikaingia. Ilichelewa kidogo, kisha ikaingia, mamia ya miguu kwenye saruji mpya, na ilikuwa mkono wangu wa kushoto, noti kwa noti, hata pale nilipokuwa nimeyumba Jumapili ile waliyumba. Piano mzee alikuwa ameifunga. Miguu ya kina mama hakuwa na la kuifanya. Nilisikiliza mpaka mwisho nikiwa nimesimama juani, nikalia kidogo, kisha nikaenda zangu Kibwezi, na ndani ya kanisa lile sijaingia tena.

Ndio hivyo. Uongo wa yule pasta ulizaliwa hapo: watu waliona mikono imeinuka, wakaenda nyumbani wakisema Mutheu amepokelewa, na watoto wao wakasema kama alipokelewa basi alitubu. Nilipokelewa. Sikutubu. Ni mambo mawili, na mimi ndiye niliyesimama pale.

Mali yangu leo ni hii. Ekari saba kando ya mto hapa Kibwezi, na pampu ya maji. Nyumba ya mawe ya vyumba vitano. Duka moja Tawa, lina mpangaji. Ng'ombe watatu wa maziwa, na mbuzi. Piano mbili, moja ya kusimama na moja ndefu kama meza ya harusi, zote nimenunua kwa kupiga. Sanduku la bati lililojaa nyimbo nilizotunga, kwa noti, kwa mwandiko wangu. Na ukumbi mmoja Migwani, ng'ambo ya barabara kutoka kanisa lile, wa ukuta wa matofali, wenye piano ya tatu na viti vya watu mia. Jumapili tunafungua saa nne asubuhi, saa ile ile yao.